Jua Lilivyotuponyoka Mombasa

Iwapo wewe na jamaa yako mnapanga kupiga picha za jua likichomoza baharini kule Mombasa, usidhani kwamba hutoka saa ile ile mwaka mzima. Mapema Novemba hutoka karibu saa kumi na mbili kamili. Kufikia Februari, huchelewa kwa kiasi cha nusu saa.

Saa hizi hupatikana kwa programu ndogo ya kompyuta, ile isiyo na vitufe vya kubonyeza. Unaiandikia amri ya mstari mmoja: tarehe, latitudo na longitudo, nayo inakujibu kwa saa na dakika. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na programu nyingi hutaka kusini kuandikwe kwa alama ya kutoa.

Alama hiyo ndiyo iliyoniponza. Katikati ya Desemba nilimpeleka baba mzazi kwenye bustani ya Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe. Ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho, na mzee hakuwa amewahi kuliona jua likitoka majini. Kompyuta ilisema saa 12:20. Kumbe alama niliisahau, ikanihesabia mahali ng'ambo ya Moyale, nchini Ethiopia! Mombasa lilitoka saa 12:06.

Tulipofika, lilikuwa limeshapaa. Mzee hakulalamika, aliuliza tu kama kesho litatoka tena pale pale. Basi letu la Nairobi lilikuwa la saa mbili.

Wewe kagua ile alama, kisha ufike nusu saa mapema. Mapambazuko ya pwani hayakawii.