Hakuna Aliyeona Nikitoka

Mkiniuliza kwa nini niliacha campo mwaka wa pili huwa nasema ni karo. Si uongo. Mathe anauza mboga na omena hapa Umoja, na kuna muhula pesa haikutosha, basi. Lakini nikiwa mkweli, mimi nilikuwa nimeshatoka kitambo, jina langu likiwa bado kwenye orodha. Mlango niliotokea ni somo la takwimu.

Picha iko hivi. Ukumbi wa watu karibu mia nne, maikrofoni imekufa. Nimeamka saa kumi na moja ndio nisishikwe na jam ya Jogoo Road, na bado napata kiti cha nyuma. Lec anaingia, anafungua notisi ambazo karatasi zimegeuka manjano (sio utani, manjano kabisa), anaanza kusoma. Sisi tunaandika. Masaa matatu. Akimaliza anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Anafunga faili, anaenda.

Hiyo "kuna swali?" ndiyo iliniua. Nani atainua mkono? Kuuliza mbele ya watu mia nne ni kujitangaza mjinga, na hata hujui ulipotelea wapi, sasa utauliza nini? Mimi nilijua kutoa wastani kwa kila namba, kupiga mraba, kujumlisha. Sikujua tunafanya hivyo kwa nini. Na hakuna mtu alikuwa na njia ya kujua kwamba sijui, mpaka mtihani.

Kuna wiki mbili alikuja mama mmoja kushikilia, mhadhiri wa muda. Hakusoma kitu. Aliandika ubaoni: matatu mbili zinatoka Umoja kwenda tao, zote wastani wake ni dakika 50. Moja hutumia kati ya 48 na 52. Nyingine leo 25, kesho 75, inategemea dereva ameamka aje. Una mtihani baada ya dakika 55. Unapanda gani?

Tukainua mikono. Karibu nusu walisema ni sawa tu, si wastani ni mmoja? Hakutuambia nani yuko sahihi. Alisema, "Geukia jirani yako, umshawishi." Manze, kelele ilikuwa kama stage ya Mutindwa jioni. Watu ambao hawajawahi kusalimiana wanabishana kuhusu matatu. Akatupigisha kura tena, mikono mingi ikahamia ile ya 48. Hapo sasa ndio akatuambia: hicho mmekuwa mkibishania ndicho tunapima. Halafu akatufanya tutoe ule wastani na kujumlisha, tukaona zilizozidi na zilizopungua zinamalizana, jibu sifuri. Ndio maana ya mraba, ili zisimalizane. Dakika ishirini, kitu nilikuwa nimekariri muhula mzima.

Baadaye nikagundua hiyo njia ina historia. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, alianza kufundisha 1984 na alijiona mkali, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanapita. Kumbe alipowapa maswali rahisi ya kuelewa, si ya kukokotoa, wengi wakateleza. Mmoja hata alimuuliza ajibu vile amefundishwa au vile yeye mwenyewe anafikiri. Ndio akaanza hii ya swali, kura, jirani, kura. Na mwaka 2014 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti 225 za sayansi, hesabu na uhandisi: wanaofundishwa kwa hotuba tupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale wanaofanyishwa kazi darasani.

Siku hizi natengeneza video. Nikipost, naona grafu ya watu wakitoka: sekunde ya tatu wameenda hawa, ya kumi wale. Inauma, lakini kesho narekebisha. Lec wangu hakuwahi kuona grafu yake.

Na simlaumu peke yake. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Mtu anayedai mshahara wa miaka hiyo yote utamwambia aandike notisi mpya? Yule mama wa muda naye hatukumwona tena. Lakini kuinua mikono haihitaji bajeti, hata ukumbi ukiwa na watu mia nne. Hapo ndio nakataa.

Dadangu mdogo anaingia campo Septemba. Juzi usiku stima zikiwa zimepotea akaniuliza takwimu ni ngumu aje. Nikamchorea zile matatu mbili nyuma ya kalenda. Akachagua ile ya 25, bila kufikiria. Nikamwambia nishawishi. Akaanza kueleza, akafika katikati, akanyamaza.

"Ngoja kwanza," akasema, akavuta kalenda kwake.