Jembe la Mzee

Vijana wapendwa,

Katika mtaa wetu, hapa Bukavu, kuna mzee ambaye kwa miaka mingi, kila msimu wa mvua, alitoka asubuhi na jembe lake kuzibua mfereji ulio kando ya njia. Aliondoa udongo, majani na chupa za plastiki, kisha akarudi nyumbani kunywa uji. Hakuna aliyemtuma. Sisi tulipita tukienda kufundisha, tukamwamkia kwa heshima, naye akaitika. Salamu hiyo ndiyo iliyokuwa mchango wetu wote.

Ukafika mwaka aliposhikwa na maumivu ya mgongo. Mfereji ukaziba. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na maji yasiyopewa njia hujitafutia yenyewe. Usiku mmoja yaliingia katika nyumba tatu, yetu ikiwa mojawapo. Asubuhi, tukiwa tunachota matope chumbani, tuliulizana na majirani: kazi ya mfereji ni ya nani? Hakuna aliyejibu.

Kizazi chetu kilikulia katika Zaire. Tuliijua salongo, kazi ya pamoja iliyoamriwa na utawala wa Mobutu tangu miaka ya 1970. Tulikwenda kwa kuogopa adhabu, na aliyeweza kujificha alijificha. Hivyo tulijifunza vibaya: tukadhani kwamba kazi ya wote ni mzigo wa serikali, na kwamba asiyelazimishwa ana haki ya kuketi. Mzee yule aliipitia salongo ileile. Amri ilipokwisha, yeye aliendelea kulima.

Tunakiri kosa jingine. Tulipoandika orodha ya watu wanaojitolea mtaani, jina lake halikuwamo. Halikuwamo pia jina la mama mmoja mjane ambaye katika kila matanga hukesha na wafiwa, na ambaye hujua ni nyumba ipi haijawasha moto tangu jana. Tulitafuta wenye fulana na vikao. Wazee hawa hawasemi kwamba wanajitolea. Husema tu kwamba watu husaidiana.

Tulikwenda kumwomba mzee msamaha. Akatusikiliza, kisha akasema: « Mwalimu, acha hayo. Njooni niwaonyeshe mahali maji yanapopenda kupinda. » Siku ile, akiwa ameketi juu ya kigoda na fimbo mkononi, alitufundisha jambo ambalo hatukulisoma katika chuo chochote cha ualimu. Laiti angefariki kabla hatujauliza, elimu hiyo ingezikwa pamoja naye.

Mnamo 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, inayoadhimishwa kila mwaka mwezi wa Julai. Ni vema kuiadhimisha kwa nyimbo. Lakini mgongo unaouma hauponi kwa kupigiwa makofi.

Basi, juma hili, kila mmoja wenu amwendee mzee mmoja wa shirika lake na kumwuliza: « Baba, au Mama, ni kazi gani unayoifanya ambayo hakuna aliyekuomba? » Msimnyang'anye kazi hiyo, kwani ndiyo heshima yake. Mwombeni awafundishe, kisha mchukueni upande ulio mzito. Sisi tulichelewa, tukajifunza kwa matope. Ninyi bado mna wakati.