Picha ya Ukutani

Mwaka wa Michezo ya Afrika, 1987, tulikuwa tukikaa Kileleshwa, Nairobi, katika nyumba ya serikali, zile za vigae vyekundu na ua wa kayaba, zenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta ya Mansion kila Jumamosi mpaka ukaona kivuli cha miguu yako, na pale langoni kulikuwa na mti wa jakaranda ambao kila Oktoba ulimwaga maua ya zambarau hadi barabarani, ukiyakanyaga yanapasuka chini ya kiatu, pa, pa, pa, mpaka mlangoni.

Leo pale pana ghorofa. Mjakaranda haupo.

Oktoba hiyo ndipo mgeni wetu alipokuja. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha St. Lawrence, kilichoko kaskazini mwa jimbo la New York, ambacho tangu 1974 kilikuwa kikileta wanafunzi wake Kenya kwa muhula mmoja na kuwaweka katika familia za watu, mjini na mashambani. Baba hakuombwa mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 mwezi wa Septemba 1959, naye akafuata mwaka uliokuja. Novemba yake ya kwanza huko, chuo kilipofungwa kwa Sikukuu ya Shukrani na bweni likabaki tupu, mwenzake wa chumbani alimchukua akaenda naye kwao shambani, Pennsylvania. Wazazi wa kijana yule hawakuwa wamewahi kuketi meza moja na Mwafrika. Walimpa kitanda cha mwana wao mkubwa, na asubuhi akawasaidia kukama, kazi aliyoijua tangu utotoni, na siku ya kuondoka mama wa nyumba akampa sweta ya sufu. Sweta hiyo ilikaa Kileleshwa ndani ya sanduku la bati, ikinuka nafthalini, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa.

Kwa hiyo Baba alipotamka kwamba msichana huyu lazima afike nyumbani, tulimwelewa. Nyumbani kulikuwa Butere, magharibi mwa nchi. Kileleshwa tulikuwa tukikaa tu; Butere wazee walikuwa bado wakiiita rizavu, nasi watoto wa shule tukiiita ushago.

Tuliondoka Ijumaa jioni kabla ya sikukuu ya Kenyatta, kwa gari la moshi, ingawa moshi wenyewe ulikuwa wa dizeli. Wanaume behewa lao, sisi wanawake letu, blanketi za shirika la reli zikichoma ngozi kidogo, mhudumu aliyevaa koti jeupe akipita ukumbini akigonga kikengele cha chakula, na Limuru wanawake wakisukuma bakuli za plamu dirishani huku baridi ikiingia pamoja nazo. Usingizi wa garini haukuwa usingizi. Tulipoamka tulikuwa tukiteremka Muhoroni, hewa ina harufu ya miwa iliyochemka, na mgeni wetu alikuwa ameketi na paji la uso kiooni, hasemi kitu. Kisumu tukabadilisha, tukaingia lile la Butere la viti vya mbao, lenye kuku waliofungwa miguu na magunia ya omena, likasimama kila mahali, Maseno, Luanda, Yala, kama jirani anayesalimia kila mlango. Shangazi alikuwa stesheni tangu saa mbili asubuhi. Barua yetu ilikuwa imetaja siku bila kutaja saa.

Sasa tunatoka Kileleshwa saa kumi na moja alfajiri kwa gari dogo, na saa nane mchana tuko uani. Treni ya abiria ya Kisumu ilikoma 2012, ikarudi Desemba 2021. Niliposikia imerudi nilifurahi kwa dhati. Bado sijaipanda.

Msichana yule alikuwa amefunzwa Kiswahili cha kitabuni, na alipomfikia Kukhu, nyanya yetu, alipiga goti akasema, "Shikamoo." Kukhu akamtazama Baba. Salamu hiyo ya pwani haikuwa imefika kwetu. Baba akamnong'oneza mgeni, naye akaanza upya, "Mulembe," na Kukhu akamshika mikono yote miwili asiiachie. Usiku ule mvua ilinyesha juu ya mabati mpaka hatukusikizana, na asubuhi msichana akawa na jina: Nafula, aliyekuja na mvua.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kuku. Alichinjwa jogoo, kama ilivyopasa, akaletwa na ugali wa wimbi, na kwa heshima ya mgeni Baba akampa firigisi, imondo, kipande ambacho kwetu ni cha mwenye boma. Nafula hakujua. Aliona tu kwamba sahani imeanzia kwake na bibi kizee hajapata kitu, akaichukua akamsogezea Kukhu. Kukhu alicheka akarudi nyuma. Hakuwa amekula kuku maisha yake yote. Wanawake wa rika lake hawakula kuku wala mayai. Waliwafuga, wakawachinjisha, wakawapika. Nafula akauliza kwa nini, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. Baba, aliyesoma ng'ambo miaka minne, alifungua kinywa akakosa jibu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekulia katikati ya jambo hilo, na sikuwa nimewahi kuliuliza.

Siku hizi shangazi ndiye anayekula imondo. Hana haja ya kueleza.

Mwaka jana binti yangu alimleta rafiki yake, kijana wa Kijerumani aliyekuwa Nairobi kwa muhula mmoja. Tunaishi Kileleshwa bado, orofa ya saba, si mbali na barabara ya Othaya. Kabla hatujafika Nakuru kijana alikuwa amekwisha kuliona paa la nyumba ya shangazi kwenye simu, limepigwa picha kutoka juu. Stima ilifika kijijini kwa ule mpango wa Last Mile, maji yako bombani, na jikoni hakuna tena moshi uliomfanya Kukhu atembee na macho mekundu hadi siku ya kufa. Ningemwona mtu anautamani moshi ule ningemkatalia.

Lakini kijana alishuka garini akasema "Mulembe," alilojifunza njiani, na binti yangu akasema "Hi, Shangazi." Shangazi akawajibu wote wawili kwa Kiingereza, polepole, akichagua maneno, katika ua wa mama yake. Nafula aliondoka Butere na maneno kumi ya Kimarama, lugha ya kwetu, kwa siku nne. Binti yangu ana matatu. Hilo ni langu. Kileleshwa tulizungumza Kiswahili na Kiingereza kwa sababu majirani walikuwa wa kila kabila, na nilipopata mtoto niliona atayaokota mengine mwenyewe, akienda nyumbani. Alikwenda Krismasi, siku tano tano.

Nafula alituandikia aerogramu kwa miaka mitatu. Kisha Baba akastaafu, tukarudisha funguo za nyumba ya serikali, sanduku la posta likawa la watu wengine, na barua zake kama ziliendelea kuja hatukuzipata. Kijana wa Kijerumani humpigia shangazi kila Jumapili baada ya ibada. Shangazi humwonyesha ng'ombe, naye humwonyesha theluji. Nikiliona hilo siwezi kulilia gari la moshi.

Ukutani kwa shangazi kuna picha moja ya siku zile, iliyokuja kwa posta miezi minne baadaye: Nafula chemchemini, debe kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, maji yakimtiririka shingoni, na shangazi, kijana bado, ameinama kwa kicheko. Rangi zimegeuka manjano. Kijana wa Kijerumani aliipiga picha, na kabla ya jioni alikuwa amepiga nyingine mia mbili, akamtumia shangazi zote. Shangazi alizipitia kwa kidole, moja moja, akashukuru. Kisha akaniuliza, "Na ile ya kutundika iko wapi?"

Nilirudi Nairobi, nikashuka mjini na ile aliyoichagua shangazi mwenyewe: binti yangu na mgeni wakimenya ndizi, yeye katikati akiwaonyesha kisu kinashikwaje. Nilichapisha mbili.