Hesabu ya Safari Zetu

Mtu akiulizwa ghafula ametumia fedha kiasi gani kwa safari katika mwaka mzima, aghalabu hujibu neno moja: kidogo. Hasemi uongo kwa kukusudia. Fedha ya safari hutoka mfukoni kwa vipande vidogo vidogo, leo nauli, kesho sukari ya kumpelekea bibi, keshokutwa chai ya njiani, na kila kipande huenda zake pasipo kuaga. Nami nalikuwa mmoja wa watu hao mpaka siku alipofika nyumbani kwangu karani wa takwimu, akanifundisha kuhesabu. Katika kuhesabu huko nikajikuta nimehukumiwa na tarakimu iliyo ndogo kuliko zote, yaani sifuri.

Wakati ule nalikuwa mwalimu mjini Mombasa, nikikaa Changamwe pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Kwetu ni Wundanyi, katika milima ya Taita, na huko ndiko alikokuwa akiishi mama yangu. Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa mwaka. Karani alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kitambulisho kikining'inia kifuani pake. Alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa kiti na maji ya kunywa. Kisha akatueleza kwamba nyumba yetu imechaguliwa kuulizwa juu ya matumizi yake, na kwamba miongoni mwa maswali yamo ya safari za ndani ya nchi. Akatuhakikishia kuwa Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza majibu ya mtu mmoja mmoja yasitolewe nje.

"Binti yangu," nikamwambia, "kwa nini mimi? Jirani yangu ana gari, na kila sikukuu husafiri. Yeye ndiye mwenye habari za kuijaza karatasi yako."

Akatabasamu. "Mwalimu, si mimi niliyechagua. Nyumba za mtaa huu ziliandikwa katika orodha, kisha zikachaguliwa kwa bahati, kama kura. Nikikukosa leo nitarudi kesho. Sina ruhusa ya kubisha mlango wa pili kwa sababu wa kwanza umefungwa. Nikienda kwa wenye magari peke yao, itaonekana kuwa nchi nzima ina magari."

Jibu lile lilinikumbusha bambo la marehemu baba yangu, aliyekuwa mchuuzi wa nafaka. Msomaji, huenda hujapata kuliona bambo. Ni chuma chembamba chenye ncha na mfereji, nacho huchomwa ubavuni mwa gunia ili kutoa nafaka kidogo pasipo kulifungua. Baba hakuchoma mdomoni mwa gunia tu, maana alijua kuwa muuzaji mjanja huweka mahindi mazuri juu na yaliyobunguliwa chini. Alichoma juu, akachoma katikati, akachoma chini. Konzi moja ya mahindi ilimweleza habari za gunia zima, na hakupata haja ya kuhesabu punje zote. Konzi hiyo ndiyo waitayo wataalamu sampuli.

Basi na nchi ni gunia kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilipata katika Kenya kaya 12,143,913. Na kaya, kwa maneno mepesi, ni watu wakaao pamoja, wakamkiri mkuu mmoja, wakala chakula cha chungu kimoja. Ni nani awezaye kuingia katika kila kaya, akae humo saa kadhaa, akiuliza habari za nauli na sukari? Gharama yake ingeimeza hazina. Kwa hiyo katika uchunguzi mkubwa wa matumizi ya kaya uliofanywa Kenya kuanzia mwaka 2015 hadi mwaka 2016 zilichaguliwa kaya 24,000 tu, kutoka mijini na mashambani katika kaunti zote 47. Tukichukua kaya milioni 12 na kuzigawanya kwa 24,000, tunapata 500. Maana yake, kila nyumba iliyobishiwa hodi husema kwa niaba yake na kwa niaba ya nyingine zipatazo mia tano zisizoulizwa.

Asidhani mtu kuwa wingi wa punje peke yake hutosha. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, liliwapelekea watu wapatao milioni 10 karatasi za kuuliza watamchagua nani kuwa rais. Majibu zaidi ya milioni 2 yalirudi, na gazeti likatangaza kuwa Alfred Landon atashinda. Aliyeshinda ni Franklin Roosevelt, tena kwa kura nyingi mno. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na waliojitaabisha kujibu hawakuwa sawa na waliokaa kimya. Bambo lilikuwa kubwa, lakini lilichomwa mdomoni mwa gunia.

Karani akafungua karatasi zake, akauliza: "Je, katika miezi 12 iliyopita, mtu yeyote wa nyumba hii amefanya safari ndani ya nchi?"

"La," nikajibu upesi. "Sisi si watalii. Hatujalala hotelini hata usiku mmoja."

Naye hakuandika. Akanieleza kwa upole kuwa anachokitafuta si anasa. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2008, mgeni wa kuhesabiwa ni kila mtu atokaye nje ya mazingira yake ya kila siku, akakaa huko chini ya mwaka mmoja, kwa sababu yoyote isiyokuwa ya kuajiriwa na watu wa mahali pale. Aendaye kuzika amo. Aendaye kutibiwa amo. Aendaye kuhiji, kununua bidhaa, kuhudhuria harusi au kumtazama mzazi, wote wamo. Asiyekuwamo ni mimi niendapo shuleni kwangu kila asubuhi kwa matatu, kwa kuwa hiyo ni njia yangu ya siku zote, nayo ina ukurasa wake mwingine.

Hapo nikafahamu kwa nini hawatosheki na vitabu vya hoteli. Hoteli huandika waliolala katika vitanda vyake; nani aandikaye waliolala mkekani kwa shangazi? India ilipoziuliza kaya zake habari za safari, katika uchunguzi wa mwaka 2008 hadi mwaka 2009, ilionekana kuwa nyingi kati ya safari za kulala nje zilikuwa za kuzuru jamaa na marafiki na shughuli za namna hiyo. Watu walio wengi hufuata damu yao kabla ya kufuata mandhari.

Karani akaanza kuuliza kwa sababu moja moja. Mazishi? Ugonjwa? Kumpeleka mtoto shule ya bweni? Ibada? Kila sababu ilifungua mlango wa kumbukumbu. Mke wangu akataja safari ya kumpeleka mtoto wetu mkubwa shuleni Voi, mara tatu kwa mwaka. Nami nikakumbuka safari yangu ya Agosti ya kumtazama mama, pamoja na mchele, mafuta na kitenge nilivyonunua kabla ya kuondoka. Maana vitu vinunuliwavyo kwa ajili ya safari huhesabiwa pamoja nayo. Nikataja pia harusi ya shemeji yangu huko Kilifi.

"Harusi hiyo ilikuwa lini?" karani akauliza.

"Mwaka jana," nikasema.

"La, baba watoto," mke wangu akanisahihisha. "Kitinda mimba wetu alikuwa hajaanza kutambaa. Ni mwaka juzi."

Harusi ikafutwa. Kosa langu ni kosa la watu wengi. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Marekani, John Neter na Joseph Waksberg, walitangaza utafiti juu ya kaya zilizoulizwa gharama za kutengeneza nyumba zao, wakaonyesha kuwa watu huyavuta mambo makubwa ya zamani na kuyaleta karibu, kana kwamba yametendeka ndani ya muda ulioulizwa. Mambo madogo nayo huyasahau kabisa. Kwa hiyo hesabu huvimba upande mmoja na kunywea upande wa pili. Nchini Tanzania, mwaka 2007 na mwaka 2008, kaya zipatazo 4,000 ziligawanywa katika mafungu manane, na kila fungu likapimwa matumizi yake kwa njia yake: wengine kwa kukumbuka, wengine kwa kuandika daftarini siku kwa siku. Majumlisho yakatofautiana kwa sababu ya namna ya kuuliza tu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukafika miezi mitatu ya mwisho wa mwaka. "Oktoba?" akauliza karani.

Msomaji, napenda nikueleze habari ya Oktoba ile. Mama alinipigia simu, sauti yake ikiwa nyembamba, akasema, "Mwanangu, natamani kukuona." Nikamjibu kuwa mitihani imekaribia, na kwamba nitafika shule zikifungwa mwisho wa Novemba. Maneno yangu yalikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kuwa nilihesabu nauli ya kwenda na kurudi, shilingi 1,400, nikaona heri niiweke. Mama alifariki katikati ya Novemba. Nilikodi gari, nikanunua chakula cha njiani na mahitaji ya mazishi, nikatumia shilingi 38,000, mbali na michango ya jamaa.

Sasa kalamu ya karani ilikuwa ikingoja. Nikasema pasipo kupepesa macho: "Oktoba nilikwenda Wundanyi kumtazama mama. Shilingi 1,400, kwenda na kurudi."

Kalamu ikaandika. Mke wangu akainama, akaanza kukunja ncha ya leso yake.

Tulipofika Novemba nikataja mazishi. Karani akanipa pole, kisha akaniomba nitenge fedha zangu na michango ya wengine. Kwani nikizihesabu zote, na jamaa aliyechanga akazihesabu tena kwake, shilingi moja itaonekana mara mbili. Nikazitenga. Katika fedha za michango nilikuwa mwaminifu kabisa, hata senti. Ajabu ya moyo wa mwanadamu ni hiyo, kwamba huweza kuwa mnyofu katika mambo kumi ili ufiche moja.

Alipomaliza nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nikamwuliza nyumba yangu inasimama badala ya nyumba ngapi. "Hesabu kamili hufanywa ofisini, Mwalimu," akajibu, "lakini ni mamia."

Neno hilo likanichoma kama bambo. Nilifundisha hisabati miaka mingi. Kuzidisha hakukunihitaji karatasi. Nyumba mia tano mara shilingi 1,400 ni shilingi 700,000, nauli ambayo hakuna dereva aliyeipokea. Tena nikawaona kina mama mia tano wameketi barazani wakiitazama njia, nami nimewaandikia wageni ambao hawakuwafikia. Uongo niliouona kuwa ni wangu peke yangu, wa kufunika aibu yangu, ulikuwa umekwisha kuwa uongo wa watu mia tano wasionijua.

"Binti, nisubiri," nikasema. "Futa ya Oktoba. Sikwenda."

Hakuniuliza sababu. Akafungua karatasi yake mapajani, akapiga mstari juu ya tarakimu ile, akaandika sifuri pembeni. Kisha akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaenda zake kwenye mlango mwingine uliochaguliwa.

Niliporudi ndani mke wangu alikuwa amekwisha kuiacha ncha ya leso yake. Hakusema neno, bali alinimiminia chai.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya sifuri hiyo. Ni kweli kwamba takwimu husema kilichotumika, wala hazisemi kilichonyimwa. Mtu asomaye jedwali ataona shilingi 38,000 za mazishi, naye huenda akadhani kuwa nyumba ile ilikuwa na uwezo mwingi wa kusafiri. Hatajua kuwa ilisafiri kwa fedha nyingi kwa sababu ilichelewa kusafiri kwa fedha kidogo. Walakini sifuri ya kweli ni bora kuliko 1,400 ya uongo. Sifuri nyingi zikikusanyika upande mmoja, katika nyumba za kipato kidogo au katika wilaya zilizo mbali na barabara nzuri, humwonyesha mwenye macho kuwa hapo wapo watu wanaotamaniana wasionane. Jambo hilo laweza kutafutiwa dawa likijulikana. Lakini likifichwa kwa haya ya watu kama mimi, halitafutiwi chochote.

Nanyi vijana msomao maneno haya, siku moja mlango wenu utabishiwa hodi, au ninyi ndio mtakaokuwa makarani wa kubisha. Mkiwa makarani, msiupite mlango uliochaguliwa kwa sababu njia yake ina matope. Mkiulizwa, jibuni kama mtu mmoja asemaye kwa vinywa mia tano. Na kama yuko mzazi anayewangoja mahali, na nauli yake imo mfukoni, mwendeeni kabla hamjaulizwa. Hiyo ni safari ndogo katika hesabu ya taifa, nami ningetoa mengi leo ili niweze kuitaja kwa haki.