Habari ya vikomo vyangu



Wengi kati yenu mnanijua kwa sababu ya vikomo. Hata wale wasiojua jina langu wanasema, «Yule binti wa darasa la tano mwenye kuuza bikomo ya mukuba.» Basi, njo mimi. Mwalimu mwenye kuangalia gazeti hili aliniomba niandike namna ninavyovitengeneza nyumbani, maana kila juma kuna mtu anayeuliza. Nilikubali upesi. Lakini nilipokaa na kalamu niliona ya kuwa siwezi kueleza namna ya kukunja waya bila kueleza waya yenyewe ilitoka wapi, na habari hiyo hainipendezi. Nitaandika yote mbili.

Nilianza wakati wa likizo kubwa ya mwaka uliopita. Mnajua mambo ya mapambo hapa kwetu Likasi. Vikomo vya soko vinatoka mbali, vinang'aa siku ya kwanza kama zahabu, na kiisha majuma mawili rangi inatoka na chini yake unaona bati nyeupe. Mimi nilinunua kimoja 3.000 franka, na siku ya ndoa ya yaya wangu kilivunjika mkononi mbele ya wageni. Nilikasirika sana. Nikasema, sisi tunakaa juu ya mukuba, jimbo letu zima liliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, na mimi ninatoa makuta kununua bati iliyopakwa rangi!

Kambo wangu, baba ya mama, alinicheka. Yeye alikuwa fundi wa kuzungusha waya katika motere za kampani, miaka mingi, na mji huu mpaka leo anauita Jadotville, ingawa jina lile liliondolewa mwaka 1966. Alitoa kipande cha waya katika sanduku lake, akakizungusha na koleo, ile tunaita pensi, na kabla chai haijapoa nilikuwa na kikomo. Ni hiki ninachovaa siku ya Mungu. (Direkta wa disiplini asinikasirikie: sisemi tuvae vikomo na nguo za masomo.)

Wala si jambo jipya. Mwalimu wa historia alitufundisha kuhusu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbwa mwaka 1957 na 1958. Watu wa zamani sana, wengine wa miaka elfu moja iliyopita, walizikwa na vikomo na minyororo ya mukuba. Na Wayeke wa Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi karne ya 19, walijua kuvuta waya nyembamba na kuizungusha juu ya nyuzi mpaka inakuwa pambo la mkono. Hawakuwa na duka la vikomo. Walitengeneza.

Sasa kazi yenyewe. Waya nzuri ya kuanza nayo ni ile ya kupitisha umeme ndani ya nyumba, ya kwenda ku prize, ambayo mafundi wanaita 2,5. Mwalimu wetu wa fizika atafurahi nikisema kama 2,5 si unene wake: ni milimita za mraba za uso wa waya ukiikata, na unene wake ni karibu milimita 1,8 tu. Mukate plastiki kwa kisu na kuivua. Wengine wanatupa waya ndani ya mbabula ili plastiki iungue. Hapana! Moshi ule ni sumu, unaingia mu kifua, na mukuba unatoka mweusi kama sufuria ya bukari.

Ukate sentimita 40, uikunje katikati, utundike kikunjo juu ya msumari wa mlango, halafu ushike ncha mbili kwa pensi na kuzungusha polepole. Inajisokota kama kamba. Mwishoni inabakia karibu sentimita 17, na hiyo inatosha mkono wa mwanafunzi asiyekula sana. Ncha uzisugue na tupa, ao juu ya saruji kama huna tupa, mpaka zisikwaruze. Umbo unalipata juu ya chupa ya Fanta.

Mara ya kwanza waya yangu ilikuwa ngumu mpaka nikajikata kidole. Kambo akanionyesha siri moja. Mukuba ukikunjwa ama kupigwa nyundo unakuwa mgumu. Basi uutie ndani ya makala mpaka uwe mwekundu, halafu uutupe mu maji. Mimi nilidhani maji yatauongezea ugumu, maana njo vile wahunzi wanafanya na visu. Kumbe mukuba hapana. Unatoka mlaini kama mkate, na unaanza tena kukunja. Weusi unaondoka ukisugua na ndimu na chumvi, kiisha maji safi. Na wale ambao ngozi yao inageuka kijani, msiogope, si ugonjwa, ni jasho na mukuba tu. Mupake ndani ya kikomo vernisi ya makucha isiyo na rangi.

Lakini kilichofanya vikomo vyangu vipendwe ni vitambaa. Mama mshonaji wa avenyu yetu anatupa mabaki ya bikwembe kila jioni; alinipa mfuko mzima. Nilikata vipande vyembamba kama kidole cha mtoto na kuvizungusha kati ya waya mbili, ili hapa uone mukuba na hapa uone rangi. Baadaye wasichana walianza kuniletea vitambaa vyao wenyewe. Mmoja alitaka kikwembe kile kile cha robe yake ya Pasaka. Mwingine, rafiki yangu wa darasa, aliniletea kipande cha kikwembe cha mama yake, aliyefariki tulipokuwa darasa la tatu. Alikifunga ndani ya karatasi ya kaye. Aliniambia, «Usikikate mara mbili.» Nilitumia usiku mzima juu ya kikomo kile.

Niliuza 1.500 franka kila kimoja. Wazazi wa wadogo zetu walipata pumziko tangu 2019, serikali ilipoondoa malipo ya shule za msingi, lakini kwa sisi wa sekondari kila tremesta baba anahesabu. Kwa hiyo nilifurahi kuleta kitu. Wakati ule, mbele ya Pasaka, waya ya Kambo ilikwisha. Ndipo kijana mmoja wa avenyu yetu akasikia kama ninatafuta, akaniletea mzigo ndani ya mfuko wa unga: kilo moja na nusu, 6.000 franka. Kikomo kimoja kinakula gramu tisa hivi. Nilifanya hesabu, nikaona utajiri. Sikuuliza kitu. Bei ile peke yake ingetosha kunifungua macho, maana hata mtoto wa soko anajua ya kwamba mukuba hauuzwi namna ile.

Siku ile ile ya Jumanne umeme ulikuwa umezimika. Tulisema ni delestaji, kama kawaida. Jumatano avenyu ya nyuma ikawaka, sisi giza. Alhamisi wanaume walikwenda kuangalia, wakarudi wakisema waya imekatwa kati ya poto na poto, urefu wa nyumba nne. Mama jirani yetu, mwenye kuuza samaki Thomson, alikuwa amechukua kartoni mbili kwa deni. Ijumaa harufu ilifika mpaka ku mlango wetu. Alizika samaki nyuma ya nyumba, yeye na watoto wake, bila kulia. Watoto walibeba kwa beseni.

Na mimi, wapenzi wasomaji? Mimi nilikuwa nakaa mezani na mshumaa, ninasokota vikomo.

Ninaapa sikujua. Lakini ninajiuliza kama sikujua kweli, ama kama sikutaka kujua. Kila waya niliyotoa katika mfuko ule ilikuwa na mikunjo midogo, kama nywele zilizofunguliwa kutoka msuko. Niliona. Ilinisumbua kwa kazi, maana ilinibidi kuinyoosha kwanza. Nikainyoosha.

Jumamosi Kambo alikuja kutusalimia. Akachukua waya moja ambayo sijanyoosha bado, akaiviringisha juu ya meza kwa kiganja. Ilirukaruka. Akaileta karibu na mshumaa.

«Mama,» (ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake) «hii waya ulitosha wapi?»

«Niliuza ku kijana moja, Kambo.»

«Hii haiko waya ya nyumba. Waya ya nyumba inalala sawa. Hii ilisokotwa na wenzake sita, njo ile inapita kule juu.»

Alionyesha dirisha. Inje hakukuwa kitu cha kuona, giza tupu. Aliuliza bei, nikamwambia. Hakunigombeza. Alizima mshumaa na vidole, akasema tusiuchome bure, na tulikaa vile mpaka mama akarudi.

Kesho yake tulikwenda sisi watatu kwa shefu wa avenyu na mfuko uliobaki. Kijana alikuwa amekwisha kuondoka upande wa Kolwezi. Shefu alipima waya, akaandika katika buku lake, akaniuliza umri wangu. Niliogopa sana. Mambo yakaishia pale kwa upande wake. Umeme ulirudi siku ya kumi na tisa, kila nyumba imetoa 15.000 franka. Kuna nyumba zilizokopa.

Nilikuwa nimeuza vikomo 31 vya waya ile, ni kusema 46.500 franka. 30.000 zilikuwa zimekwisha kuingia katika minervali yangu. Risiti ninayo, na kila nikiitazama ninajua ilitoka wapi. 16.500 zilizobaki nilizipeleka kwa mama wa samaki. Nilimweleza yote nikisimama, yeye anasafisha mchele. Alipangusa mikono, akapokea, akahesabu mara mbili. Hakusema aksanti, na mimi sikuingoja. Kiisha akasema, «Kartoni moja inapita hii, mutoto.» Ninaendelea kumletea kidogo kidogo. Wakati mwingine ananisalimu, wakati mwingine hapana.

Sasa ninatengeneza tena, lakini kwa namna nyingine. Rafiki wa zamani wa Kambo ana duka la kutengeneza motere, na zile zilizoungua ananipa waya ya ndani. Waya hiyo ni nyembamba sana, tena imepakwa vernisi ya kahawia. Ninaikwangua kidogo kidogo kwa kisu, kiisha ndimu na chumvi. Ninaizungusha juu ya kamba ya kitambaa, mzunguko karibu na mzunguko, karibu kama wale Wayeke. Kikomo kimoja kinakula jioni mbili, na bei imepanda mpaka 2.500. Wengine wananung'unika. Mimi naona ni vizuri zaidi kuliko vile vya kwanza, na havipotezi umbo. Kama nyumbani kwenu kuna motere iliyokufa, ventilateri ama pompi ya maji, niambieni. Ninakuja kuichukua na barua ya baba yako ya kusema ni yenu. Mtanicheka, lakini barua ninaitaka.

Na wewe uliyenunua mbele ya Pasaka, angalia kikomo chako. Kama ni waya mbili nene zilizosokotwa, na ukitazama vizuri waya yenyewe iko na mawimbi madogo, ni kimoja cha zile 31. Unirudishie, nitakupa kipya bila kulipa. Ninakuwa nyuma ya darasa la tano saa ya mapumziko, kila Jumanne na Ijumaa. Mpaka leo 20 vimerudi. Viko ndani ya ndoo nyumbani, chini ya kitanda, shefu hajasema tuvifanye nini. Kambo anasema kwa umeme havitumiki tena, waya iliyokatwa namna ile hairudi juu ya poto.

Kimoja sikukiomba kwa barua wala kwa gazeti. Nilikwenda mwenyewe kwa rafiki yangu, nikamweleza, nikamwambia ninaweza kufungua kitambaa cha mama yake polepole, bila kukikata, na kukizungusha juu ya waya safi. Alikivua, akakigeuzageuza, akatazama mahali pamoja ambapo kitambaa kimeanza kuchakaa. Akakivaa tena.

«Niachie kwanza,» akasema.

Nimemwachia. Waya mpya ya kikomo chake nimekwisha kuikwangua na kuisugua, iko ndani ya karatasi ile ile ya kaye.