Utafiti umefanywa kwa watoto wetu, kwa nini kuusoma tudaiwe dola?

Katika ukoo wetu mimi naitwa daktari, ingawa sijawahi kumchoma mtu sindano. Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Lakini mtoto akipata homa usiku, simu inayoita ni yangu. Shangazi akiandikiwa dawa mpya, picha ya boksi inaingia WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Nimezoea, na ninachoweza kufanya ni kimoja: kutafuta waliochunguza jambo hilo waliandika nini, kisha kuwaeleza wenzangu kwa lugha ya nyumbani.

Ndivyo ilivyokuwa dada yangu aliponiuliza kuhusu haidroksiurea. Mwanawe wa pili, anayeniita mama mdogo, ana selimundu. Baada ya kulazwa kwa maumivu mara kadhaa katika mwaka mmoja, daktari wake alishauri aanze dawa hiyo. Dada akasikia kliniki kwamba hutumika pia kutibu baadhi ya saratani. Akanipigia sauti ikitetemeka: "Mdogo wangu, wanataka kumpa mtoto dawa ya kansa. Nikubali?"

Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Nikaingia mtandaoni nikapata makala ya kitaalamu iliyozungumzia hasa usalama wa dawa hiyo kwa watoto. Kichwa cha habari nilikiona, na muhtasari wa mistari kumi na kitu niliusoma. Nilipobonyeza nisome yote, ukurasa ukanidai dola 35. Kwa fedha yetu ni karibu shilingi 90,000, kwa makala moja ya kurasa chache. Dada angeweza kwenda kliniki na kurudi na mtoto kwa miezi kadhaa kwa fedha hiyo.

Muhtasari ulinipa hitimisho tu. Haukunieleza ni watoto wangapi walipata madhara, madhara gani, na waligunduliwaje. Hayo ndiyo dada aliyotaka kuyajua, na yote yalikuwa nyuma ya mlango wa malipo.

Fedha hiyo inakwenda kwa nani?

Wazazi wengi hudhani aliyeandika makala ya utafiti ndiye anayelipwa tukiinunua. Sivyo. Mtafiti anayeandika kwenye jarida la kisayansi kwa kawaida halipwi na jarida hilo hata senti. Wataalamu wenzake wanaoisoma na kuikosoa kabla haijachapishwa, nao kwa kawaida hawalipwi. Gharama ya utafiti wenyewe hubebwa na serikali, vyuo au mifuko ya misaada, yaani mara nyingi ni kodi ya wananchi wa nchi fulani.

Kwa utaratibu wa zamani, mtafiti husaini karatasi ya kumkabidhi mchapishaji hakimiliki ya makala. Kuanzia hapo mchapishaji ndiye mwenye mali. Huuza usajili kwa maktaba za vyuo, na mtu wa kawaida asiye na chuo hudaiwa kwa kila makala. Mchapishaji ana kazi yake, ya kuhariri, kupanga na kutunza kumbukumbu, na kazi hiyo ina gharama. Lakini mzazi ambaye mwanawe alitolewa damu ili utafiti ufanyike hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Liberia iliona madhara yake

Usidhani hili ni suala la wasomi na maktaba zao. Ugonjwa wa ebola ulipolipuka Afrika Magharibi mwaka 2014, maofisa wengi wa afya waliamini Liberia haikuwa na historia ya virusi hivyo. Aprili 2015, Dk Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu katika Wizara ya Afya ya Liberia, aliandika pamoja na wenzake katika gazeti la New York Times kwamba onyo lilikuwepo tangu 1982. Watafiti wa Kijerumani walipima damu za watu nchini Liberia, wakakuta dalili za kinga dhidi ya ebola, wakaandika kuwa nchi hiyo ihesabiwe miongoni mwa maeneo yenye virusi hivyo.

Makala hiyo ilichapishwa katika jarida la Ulaya. Hakuna Mliberia aliyeshiriki kuiandika. Na hata mwaka 2015, Dahn na wenzake walieleza, kupakua moja ya makala hizo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Mlipuko huo uliua zaidi ya watu 4,800 nchini humo pekee.

Malipo hayakuwa sababu pekee. Kutowashirikisha wataalamu wa nchi husika kulichangia sana, na wao wenyewe walilisema hilo. Lakini fikiria: damu ilitoka Liberia, na habari yake haikurudi Liberia.

Milango iliyofunguliwa

Habari njema ni kwamba mambo yamebadilika, na mabadiliko hayo yanaufikia mkono wa mzazi mwenye simu.

Februari 2002, kikundi cha wanasayansi na wakutubi kilitoa tamko, lililopewa jina la mji wa Budapest, kutaka makala za utafiti zisomwe bure mtandaoni na yeyote. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, unaoziruhusu taasisi za nchi maskini, zikiwemo za Tanzania, kusoma majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. Ni msaada mkubwa, ila nywila yake ni ya chuo au hospitali. Mama aliyeko Tandika au Usagara hana.

Kisha wafadhili wakaanza kuweka masharti. Marekani, tangu 2008, mtafiti anayepewa fedha na taasisi za taifa za afya za nchi hiyo hutakiwa kuweka makala yake katika hazina ya bure iitwayo PubMed Central. Awali aliruhusiwa kusubiri hadi miezi 12. Kuanzia Julai 2025 muda huo wa kusubiri umeondolewa. Yapo pia majarida yaliyoanzishwa yakiwa wazi tangu siku ya kwanza, kama yale ya PLOS.

Kwa mwenye mtoto wa selimundu, hili lina maana kubwa. Mwaka 2011, Profesa Julie Makani na wenzake walichapisha katika PLOS ONE matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,725 wa selimundu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kati ya 2004 na 2009. Walionyesha kwamba hatari ya kifo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na hivyo kwamba mtoto anafaa kugunduliwa na kuanza huduma mapema. Ni watoto wetu, katika hospitali yetu, na wewe unaweza kuisoma makala hiyo usiku huu bila kulipa chochote zaidi ya bando.

Ndivyo nilivyompata dada jibu. Utafiti uitwao REACH, uliochapishwa 2019 katika New England Journal of Medicine, ulisomeka bure. Watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi, katika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Kenya na Uganda, walipewa haidroksiurea. Vipindi vya maumivu vilipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia. Ile makala iliyonidai dola 35 nayo niliipata: nilimwandikia mtafiti kwa anwani iliyoonekana kwenye ukurasa, na baada ya siku mbili akanitumia nakala yake, bure, na salamu juu.

Nilimsomea dada kwa simu, nikifafanua kila mstari. Tulipofika kwenye madhara, kwamba dawa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara, akanikatiza. "Kwa hiyo wakimtoboa kidole kila kliniki wanatafuta hiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Wangeniambia hivyo tangu mwanzo nisingelia." Alirudi kwa daktari na maswali manne kwenye karatasi. Uamuzi aliufanya yeye na daktari. Makala ilimwezesha tu kuzungumza badala ya kuogopa.

Bure, lakini kuna anayelipa

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Jarida likimwachia msomaji bure, gharama mara nyingi humwangukia mwandishi. PLOS ilipoanza mwaka 2003 ilitoza dola 1,500 kwa makala. Mwishoni mwa 2020 jarida maarufu la Nature lilitangaza kutoza euro 9,500 kwa mtafiti anayetaka makala yake iwe wazi. Majarida mengi husamehe au hupunguza ada kwa watafiti wa nchi zenye kipato cha chini, lakini mhadhiri wetu anayeandika peke yake bila mfadhili bado anaweza kujikuta mlango uliofunguliwa kwa msomaji umefungwa kwa mwandishi. Ndiyo maana fedha ya umma inapogharamia utafiti, gharama ya kuuweka wazi inapaswa kuwa ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Vipi kuhusu vitabu vya shule?

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana Januari ikifika makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa PDF. Kitabu cha hadithi kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kitabu cha hisabati cha mchapishaji binafsi. Chini yake, mikono ya shukrani ishirini.

Mtafiti wa jarida anaishi kwa mshahara wa chuo. Makala yake ikisambaa bure, yeye anafurahi. Mwandishi wa kitabu cha hadithi anaishi kwa nakala zinazouzwa. Ukisambaza kazi yake bila ruhusa umekula chakula chake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na steshenari inayotoa kopi ya kitabu kizima na kukiuza inaivunja.

Najua bei ya vitabu inauma. Lakini kuna njia halali ambazo wazazi wengi hawazijui:

Kwanza, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bure. Kumbuka kuruhusiwa kusoma si kuruhusiwa kuchapa na kuuza. Hakimiliki bado ni ya taasisi.

Pili, kwa watoto wadogo upo mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, wenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hadithi zake zimetolewa kwa leseni huria: unaweza kuzipakua, kuzichapa, hata kuzitafsiri kwa lugha ya bibi, mradi umtaje mwandishi na ufuate masharti yaliyoandikwa.

Tatu, jifunze kusoma alama. Ukiona herufi CC chini ya kitabu au makala, mwenye kazi ameshatoa ruhusa fulani mapema. CC BY ni ruhusa pana, ukimtaja tu mwandishi. Ikiongezwa NC, usiitumie kibiashara. Ukiona "Haki zote zimehifadhiwa", omba ruhusa au nunua.

Ukitafuta habari za ugonjwa

Anzia PubMed Central. Ukidaiwa fedha, tafuta kichwa kilekile cha makala kwenye mtandao; mara nyingi kuna nakala kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Ukikosa, mwandikie mwandishi kwa adabu. Wengi hujibu. Makala hizo zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kwa hiyo usione haya kumwomba kijana wa ukoo aliyesoma akufafanulie, na usibadilishe dozi ya mtoto kwa sababu ya kitu ulichosoma. Kipeleke kliniki kikiwa swali.

Na kuna swali moja ninalotamani kila mzazi alijue. Ukiombwa mwanao ashiriki utafiti, utapewa fomu ya ridhaa. Soma, uliza kuhusu hatari, uliza kuhusu faida. Kabla hujashika kalamu, ongeza hili: "Matokeo yakitoka, sisi wazazi tutayasoma wapi, na kwa lugha gani?" Mtafiti aliyejiandaa atakuwa na jibu. Asiyekuwa nalo, swali lako litamfanya alitafute, na wazazi watakaokaa kwenye benchi hilo baada yako watakuta jibu lipo.