Pigo Lisilopigwa

Niliingia katika mchezo wa gofu nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, kwa kusukumwa na daktari aliyetaka nitembee, na kwa kuvutwa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa na fimbo za ziada. Mchezo wenyewe haukunishangaza kama hesabu yake. Hushinda mwenye mapigo machache. Na zaidi ya hayo, liko pigo moja ambalo halipigwi na mtu, wala mpira haulihisi, lakini huandikwa katika karatasi kama pigo kamili. Wenyewe huliita pigo la adhabu.

Kazi yangu ni maneno, kwa hiyo nilikwazwa kwanza na neno. Adhabu humfuata mwenye kosa. Ikiwa mpira wangu umepotea majanini au umetumbukia majini, nimekosa nini, ila ustadi? Nikatafuta chanzo. Sheria za kale kabisa za gofu zijulikanazo ziliandikwa Leith, karibu na Edinburgh, mwaka 1744, nazo ni 13 tu. Mojawapo yaamuru kwamba aliyepoteza mpira arudi alikopigia mara ya mwisho, aangushe mwingine, na mshindani wake apewe pigo moja kwa ajili ya msiba huo. Msiba, si dhambi! Nilifurahi kama aliyeokota johari. Hata leo mpira ukikwama shinani mwa mti, mchezaji ana hiari ya kuutangaza kuwa haupigiki, akautoa kwa pigo moja. Hakuna amhukumuye, yeye mwenyewe anunua njia. Basi nikawafundisha wanafunzi wangu, kwa fahari kidogo, kwamba mfasiri mwema angesema fidia, si adhabu.

Yapo makosa hasa, kama kuucheza mpira usio wako, nayo katika shindano la kuhesabu mapigo hulipiwa mawili. Hayo hayakunisumbua. Lililonisumbua ni jambo dogo sana: mpira kusogea.

Mwaka 1925, huko Worcester, Massachusetts, katika mashindano makuu ya wazi ya Marekani, Bobby Jones aliweka fimbo nyuma ya mpira uliolala majanini, ukasogea. Hakuna mwingine aliyeuona. Alijihesabia pigo, na wasimamizi walipotia shaka akashikilia neno lake. Mwisho wa mashindano alilingana na Willie Macfarlane. Wakarudiana mizunguko miwili, Jones akashindwa kwa pigo moja. Waliomsifu kwa unyofu ule hawakumpendeza.

Kisa hicho nilikuwa nakijua vema mimi, na tarehe yake, siku nilipocheza katika shindano dogo la marafiki. Karibu na shimo la kumi na sita niliteremsha fimbo nyuma ya mpira, nao ukajongea upana wa kidole. Sheria yataka pigo moja na kuurudisha mpira pale ulipokuwa. Ukipiga bila kuurudisha, yawa mawili. Nilipiga. Mzee mchukuzi wa fimbo zetu alikuwa amesimama hatua mbili kando yangu.

"Mwalimu, ngapi hapo?" aliuliza mwenzangu, kalamu mkononi.

"Tano," nikasema.

Mzee alitazama majani, kisha akainua mfuko wa fimbo begani, tukaenda zetu.

Nilishinda kwa pigo moja. Wa pili alikuwa yule yule aliyeniazima fimbo. Alinipa mkono kwa furaha ya kweli, nikakabidhiwa zawadi, chupa ya chai yenye maua mekundu. Mke wangu huitumia kwa wageni, na kila mgeni huambiwa ilikotoka. Nami huinywa chai hiyo. Mara mbili nimekutana na mzee yule, akaniamkia kwa adabu ile ile ya siku zote, nami nikamwongeza malipo bila kuombwa. Nadhani alifahamu fedha ile ilikuwa ya nini, maana mara ya pili alinirudishia nusu.

Darasani sijalirudia tena lile pendekezo langu la fidia. Mwanafunzi mmoja aliniuliza juzi kama bado nina rai hiyo. Nikamwambia tutazungumza muhula ujao.

Kesho ni Jumamosi, siku yetu ya kucheza. Chupa nimeiosha, nimeiweka karibu na mlango.